Jina Moja, Damu Mbalimbali: Habari za Jina la Walsh

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa mwaka huu, nadhani alitazamia habari za mabweni yetu, za mwalimu wa zamu na filimbi yake, au za mechi ile ambayo kila mmoja wetu husema ndiye aliyefunga bao. Hayo nawaachia wengine wenye kumbukumbu tamu zaidi. Mimi nitaeleza habari za jina la ukoo la watu wa Ayalandi, yaani jina la Walsh. Na nitaeleza pia kwa nini mzee kama mimi, mwalimu wa historia aliyestaafu, Mnyamwezi wa Tabora, alitumia karibu mwaka mzima akilichunguza. Nawaomba wenzangu wasinicheke kabla ya kufika mwisho.

Jambo lilivyoanza

Wale niliosoma nao wanalikumbuka jina la ukoo wetu, Mpwani, kwa maana nilitaniwa sana bwenini. “Mpwani gani asiyejua kuogelea?” Kweli, sisi si watu wa pwani hata kidogo. Babu yangu alikuwa mpagazi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ilisafiri mabegani na vichwani mwa watu, na babu akiwa kijana alikwenda na msafara mpaka Bagamoyo, akakaa huko miaka kadhaa, kisha akarudi. Alirudi na kanzu, na kofia, na Kiswahili kitamu ambacho wazee wa kijijini hawakukifuata vizuri. Majirani wakamwita Mpwani. Baba yangu alipopelekwa shule, karani aliuliza, “Huyu ni mtoto wa nani?” Akajibiwa, “Wa Mpwani.” Akaandika hivyo, na tangu siku ile utani wa majirani ukawa ukoo.

Mwaka juzi binti wa mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu, akaamkia, akakaa kimya muda mrefu. Nilipomwuliza ana nini, alisema, “Baba mkubwa, nimepata mchumba. Ni kijana mzuri, mwalimu, kwao Nzega. Lakini babu amekataa.”

“Amekataa kwa sababu gani?”

“Kwa sababu na yeye anaitwa Mpwani.”

Huyo babu ni baba yangu mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilipomwendea alinijibu kwa mkato, kama ilivyo kawaida yake: “Jina ni moja, basi damu ni moja. Watoto wa nyumba moja hawaoani. Wewe mwalimu, kama una neno jingine, lilete na ushahidi.”

Nilitoka pale nikiwa sina jibu. Njiani nikakumbuka hadithi ya marehemu baba. Yeye alisoma shule ya St. Mary's hapa Tabora, zamani za Padri Richard Walsh wa shirika la White Fathers, yule aliyekuwa mkuu wa shule na rafiki wa Mwalimu Nyerere. Na Mwalimu mwenyewe alifundisha pale tangu 1946 hadi 1949, kabla ya kwenda Edinburgh. Baba alikuwa akisimulia kwamba wavulana walibishana usiku bwenini juu ya jina la mkuu wao. Kwetu jina lina maana. Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ndiye mtoto anayewafuata. Huna haja ya kuuliza. Je, Walsh maana yake nini? Mmoja alisema ni jina la mto, mwingine akasema ni la mtakatifu. Hapana aliyethubutu kumwuliza mwenyewe, na baba alifariki bila kupata jibu.

Basi nikasema moyoni: kesi ya nyumbani ikikushinda, tafuta mfano wa mbali ulioandikwa vizuri, ujifunze jinsi ya kuhukumu. Waayalandi wameyachunguza majina yao kwa bidii ambayo mataifa machache yameifikia. Sikufika Ayalandi, nauli yake si ya pensheni yangu. Nilitumia vitabu, nikatumia na kompyuta ya mwanangu, maana siku hizi daftari nyingi za nchi ile zinasomeka katika mtandao bila malipo.

Maana ya jina

Jibu la swali la baba ni fupi, nalo lilinishtua. Walsh maana yake ni mtu wa Wales, nchi iliyo ng'ambo ya bahari, mashariki ya Ayalandi. Lakini ukilichimba neno lenyewe unakuta kwamba watu wa Wales hawakujiita hivyo. Wao hujiita Cymry. Waingereza wa kale walipoingia kisiwa cha Britania waliwaita wenyeji wale kwa neno lililokuwa na maana ya “wageni”, na neno hilo ndilo lililozaa Wales na Welsh. Mgeni alimwita mwenyeji mgeni, na jina likashika.

Waayalandi nao, kwa lugha yao wenyewe, jina hilo huliandika Breathnach, yaani Mbritoni, mtu aliyetoka Britania. Kwa hiyo Walsh na Breathnach ni jina lile lile katika lugha mbili, na yote mawili hayaelezi mtu alizaliwa na nani. Yanaeleza tu kwamba alionekana akitokea upande fulani.

Hapo tofauti na majina mengine ya Ayalandi ni kubwa. Waayalandi walianza kutumia majina ya ukoo mapema sana katika Ulaya, tangu karne ya 10 na ya 11. Majina yao mengi huanza na Mac, yaani mwana wa, au O, yaani mjukuu au mzao wa. O'Brien ni mzao wa Brian, na ukoo mashuhuri wa jina hilo humtaja Mfalme Brian Boru aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Majina ya namna hiyo yanamtaja babu, hata kama si kila anayelitumia leo ametoka kwake. Jina la Breathnach halina Mac wala O. Babu hatajwi humo.

Ndugu zangu wa Tabora, msiwacheke. Sisi wenyewe tunaitwa Wanyamwezi kwa sababu watu wa pwani waliwaita hivyo wapagazi waliotoka bara, upande wa magharibi unakoandama mwezi. Na sisi tukageuka tukawaita majirani zetu Wasukuma, yaani watu wa kaskazini. Kila mtu hupewa jina na yule anayesimama mbele yake.

Watu wengi, jina moja

Sasa nilitaka kujua: je, Walsh wote walitoka kwa Mwales mmoja?

Historia inasema hivi. Mwaka 1166 Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, alifukuzwa katika ufalme wake. Akavuka bahari kumwomba msaada Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza, naye akampa ruhusa ya kutafuta askari. Askari hao aliwapata Wales, miongoni mwa Wanormani waliokuwa wameiteka sehemu ya kusini ya nchi hiyo. Kundi la kwanza lilitia nanga katika ghuba ya Bannow, wilaya ya Wexford, mwezi Mei 1169. Mwaka uliofuata alifika mkubwa wao, Richard de Clare, anayejulikana zaidi kwa jina la Strongbow. Mwaka 1171 Mfalme Henry akaja mwenyewe, asije akapata mshindani ng'ambo ya bahari.

Majeshi hayo hayakuwa ya Wanormani watupu. Walikuwamo wapiga upinde wa Wales, walikuwamo Waflemi, na baadaye walifuata wakulima, mafundi na watumishi. Kila kijiji walikokaa, Waayalandi waliwatazama wakasema, “Huyu ni Breathnach.” Makarani waliandika kwa Kilatini Walensis, na kwa Kifaransa le Waleys. Wexford alikuwako mmoja, Waterford wengine, Kilkenny wengine, na baadaye Mayo, mbali kabisa upande wa magharibi. Watu hao hawakuwa ndugu. Walilingana kwa jambo moja tu, kwamba walitoka upande mmoja.

Ukoo uliopata nguvu zaidi ni ule wa Kilkenny. Wao husimulia kwamba wametoka kwa Philip wa Wales na mwanawe Haylen, waliofika siku zile za uvamizi, na vilima vya kusini mwa wilaya ile mpaka leo huitwa Vilima vya Walsh. Lakini Edward MacLysaght, bingwa wa majina ya Kiayalandi aliyeishi toka 1887 hadi 1986, alionya kwamba Walsh si kama Burke au Fitzgerald, ambazo ni koo za Kinormani zenye chimbuko linalojulikana. Walsh lilizuka mahali pengi, kwa watu wengi wasiohusiana.

Na jambo hilo halikuwa la Ayalandi pekee. Kule Uskoti neno lile lile, le Waleys, liligeuka likawa Wallace. Na William Wallace, shujaa wa Waskoti aliyeuawa na Waingereza mwaka 1305, alibeba jina lenye maana hiyo hiyo ya mtu aliyetoka kwingine. Hakuna anayesema kwamba Wallace na Walsh ni nyumba moja.

Halafu wageni hao wakawa wenyeji. Katika vizazi vichache wengi wao walisema Kiayalandi, wakaoa huko, wakafuata mila za huko. Serikali ya Kiingereza iliona hatari. Mwaka 1366 zilitungwa Sheria za Kilkenny, zikiwaamuru walowezi watumie lugha ya Kiingereza na majina ya Kiingereza. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mwaka 1465 ikatoka sheria nyingine, iliyowataka Waayalandi wa Dublin na wilaya za jirani wajipe majina ya Kiingereza: jina la mji, au la rangi kama Mweusi na Mweupe, au la kazi kama Mhunzi na Seremala. Kwa hiyo mtu aitwaye Smith huko anaweza kuwa Mwayalandi wa asili, naye Breathnach asemaye Kiayalandi kitupu anaweza kuwa mjukuu wa mpiga upinde wa Wales. Atakayehukumu damu kwa kusikiliza jina atapotea njia mapema.

Jina lilivyoenea

Mwaka 1894 Robert Matheson, ofisa wa uandikishaji wa vizazi na vifo, alitoa ripoti juu ya majina ya ukoo ya Ayalandi. Njia yake ilikuwa rahisi. Alihesabu watoto walioandikishwa mwaka 1890, jina kwa jina, kisha akakadiria idadi ya watu kwa kufuata kwamba kila mtoto mmoja aliyezaliwa aliwakilisha watu kama 45. Murphy lilikuwa la kwanza, watu 62,600. Kelly likafuata, watu 55,900. Kisha Sullivan, 43,600. La nne lilikuwa Walsh, watoto 932, yaani watu wapatao 41,700. Watoto hao walikuwa wengi zaidi Cork, Mayo, Waterford, Galway, Dublin na Wexford. Hebu tazameni: jina lililo na maana ya “mtu wa kuja” limekuwa la nne kwa wingi katika nchi nzima!

Nje ya Ayalandi jina lilisafiri kwa njia tatu, na zote tatu zina machungu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kushindwa vita. Katika miaka ya 1650, baada ya ushindi wa Cromwell, Wakatoliki wengi walinyang'anywa ardhi, na wakubwa wa Walsh wa Kilkenny walikuwa miongoni mwao. Baada ya vita vya mwishoni mwa karne ile, maelfu walikwenda Ufaransa na Hispania. Mmoja wa watoto wa wakimbizi hao ni Antoine Walsh, aliyezaliwa Saint-Malo mwaka 1703, akawa tajiri mwenye meli katika bandari ya Nantes. Wapenda historia ya Uskoti wanamjua, kwa kuwa yeye ndiye aliyempeleka huko Mwana wa Mfalme Charles Edward Stuart mwaka 1745, kwa meli iliyoitwa Du Teillay.

Lakini mali yake ilitoka wapi? Hapo nilisimama kusoma, nikaweka miwani mezani. Antoine Walsh alikuwa mfanyabiashara ya watumwa, tena mkubwa. Mwaka 1748 aliunda kampuni iliyoitwa Société d'Angole, ya kuchukua Waafrika kutoka pwani ya magharibi na kuwavusha Atlantiki. Alifariki mwaka 1763 huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, nchi ya mashamba ya miwa. Mtu ambaye watu wake walifukuzwa kwao alitajirika kwa kuwang'oa wengine kwao. Sisi tuliozaliwa Tabora, mji ambao pembe na watu walipitishwa kwenda kuuzwa, hatuhitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Siandiki haya kwa kuwahesabia dhambi walimu na mapadri waliobeba jina hilo karne mbili baadaye, la hasha. Naandika kwa sababu mtafiti akificha ukurasa mmoja, kurasa nyingine zote hazitaaminika. Na kama jina si damu, basi pia sifa na lawama hazirithiwi kwa jina.

Njia ya pili ilikuwa ya samaki. Katika karne ya 18 meli za Waterford zilikwenda kila mwaka Newfoundland, kisiwa kilichoko pwani ya Kanada, kuvua na kukausha chewa. Vijana wa Waterford, Kilkenny na Wexford walichukuliwa kwa mkataba wa msimu au misimu miwili. Wengine hawakurudi. Waayalandi walikipa kisiwa kile jina lao wenyewe, Nchi ya Samaki, na mpaka leo Walsh ni jina la kawaida huko.

Njia ya tatu ilikuwa ya njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi, ukarudia tena na tena. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu 8,175,124. Mwaka 1851 walibaki 6,552,385. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja waliondoka. Walikwenda Marekani, Kanada, Australia na Uingereza. Huko makarani waliandika walivyosikia: Walsh, Walshe, Welsh, Welch. Waliobaki na jina la Kiayalandi wengine waliandikwa Brannick, Brannagh au Branagh. Na mwigizaji Kenneth Branagh, aliyezaliwa Belfast mwaka 1960, jina lake ni lile lile Breathnach.

Na wako waliokwenda karibu zaidi. Walivuka mlango wa bahari wakaingia kusini mwa Wales, kutafuta kazi katika migodi na viwanda vya chuma. Fikirini: mtu aitwaye “Mwales” amerudi Wales baada ya karne saba, naye akapokewa kama Mwayalandi, mtu wa kuja! Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu. Alipokuwa Bagamoyo watu wa pwani walimwita Mnyamwezi. Aliporudi Unyamwezi, Wanyamwezi wakamwita Mpwani.

Moto wa mwaka 1922

Vijana mlioko madarasani mtauliza: ikiwa daftari zipo, kwa nini mtu asifuate tu mstari wake mpaka kwa yule mpiga upinde wa 1169? Jibu ni kwamba daftari nyingi hazipo.

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Dublin, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa katika Four Courts lililipuka na kuungua. Nyaraka za tangu karne ya 13 ziligeuka majivu. Humo mlikuwamo hesabu za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851, ambazo vimebaki vipande tu. Zile za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya watu iliyobaki nzima ni ya mwaka 1901.

Watafiti hawakukata tamaa. Wanatumia daftari za ubatizo na ndoa za parokia, ambazo Maktaba ya Taifa iliziweka katika mtandao mwaka 2015. Wanatumia orodha ya kodi iitwayo Griffith's Valuation, iliyotolewa kati ya 1847 na 1864, inayotaja nani alipanga shamba gani na kwa mwenye ardhi yupi. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, wasomi walifungua hazina ya kumbukumbu katika mtandao, iliyokusanywa kutokana na nakala zilizokuwa zimehifadhiwa nchi mbalimbali.

Nilifungua karatasi za mwaka 1901 na 1911 nikazisoma usiku mwingi. Huko unakuta kaya, majina ya watoto, kazi zao, na kama wanajua kusoma. Nikajifunza kanuni tatu. Kwanza, usimfuate mwenye jina. Mfuate mtu, kwa jina lake, mahali pake, umri wake na majirani zake. Pili, usiamini herufi. Walsh wa karatasi hii aweza kuwa Welsh wa karatasi ile. Tatu, anza na unayemjua, urudi nyuma hatua moja moja. Anayeanza na shujaa wa zamani na kushuka chini kumtafuta babu yake humpata kila mara, na kila mara si yeye.

Kurudi nyumbani

Nikiwa na kanuni hizo tatu nilipanda basi kwenda Nzega. Nyumbani kwa yule kijana nilipokewa na bibi yake, mama mwenye macho hafifu na kumbukumbu kali. Sikumwuliza ukoo wenu ni upi. Nilimwuliza, “Mama, huyo wa kwanza kuitwa Mpwani alikuwa nani, alizaliwa kijiji gani, nani alimpa jina hilo?”

Alicheka. “Huyo ni marehemu mkwe wangu. Alichukuliwa manamba, mashamba ya mkonge ya Tanga. Aliporudi alikuwa akisema ‘hamjambo wenyeji’ kama mtu wa Tanga. Watu wakamcheka, wakamwita Mpwani. Jina lake hasa ni jingine.” Akanitajia jina hilo, na la baba yake, na la babu yake, na kijiji walikozikwa. Niliandika yote katika daftari.

Babu yangu mimi alikwenda Bagamoyo kwa miguu, akarudi kabla ya reli. Huyu alikwenda Tanga miaka mingi baada ya reli. Babu zao, na babu wa babu zao, na vijiji vyao vilikuwa tofauti. Walikuwa wanaume wawili waliokwenda upande mmoja wa dunia, wakarudi na lafudhi ya huko.

Nilimpelekea baba mdogo daftari langu. Nikamsomea majina taratibu, kisha nikamweleza habari za akina Walsh, jinsi majirani wa Wexford na majirani wa Mayo walivyotoa jina moja kwa watu wasiojuana. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Mwishowe aliuliza, “Huyo Walsh ndiye yule padri wa kaka yangu?”

“Ni jina lake, baba. Maana yake ni mtu aliyetoka ng'ambo.”

“Kumbe,” alisema. “Kaka yangu angefurahi kulijua hilo.” Akanyamaza tena. Halafu akasema, “Waambie watoto waoane. Lakini hayo majina uliyoandika, uniachie nakala.”

Harusi ilifanyika, nami nilikuwa mmoja wa waliokula sana.

Sasa neno langu kwenu, wanafunzi mliopo shuleni, na kwetu sisi wenye mvi. Mzee wa Nzega hakuhitaji jengo kuungua ili habari zake zipotee. Ingetosha bibi yule afariki kabla sijafika. Mwulizeni babu na bibi likizo hii. Msiulize tu, “Ukoo wetu ni upi?” Ulizeni nani aliwapa jina hilo, lini, na alikuwa amesimama upande gani alipolitamka. Andikeni majina ya wanawake pia, maana ndio wanaosahauliwa kwanza. Na daftari za uandikishaji za shule yetu, zilizo na majina yetu sote kwa mwandiko wa makarani waliokwisha kutangulia, nashauri mkutano huu uzitafutie kabati la chuma na mtu wa kuzinakili, kabla mchwa na mvua hawajamaliza kuzisoma. Mimi nitachangia kabati.